Waya wa DB ya nyumba ya uani: hesabu ampea, kisha hesabu mita

Waya huu hutoa umeme kwenye DB kubwa (sanduku la breka) ya nyumba kuu na kuupeleka kwenye DB ndogo ya nyumba ya uani. Usiende dukani kuomba "waya wa DB", maana muuzaji atakupa ulioko rafuni. Nenda na namba mbili: ampea za mzigo wote, na mita za njia ya waya pamoja na kupanda na kushuka ukutani.

Chukua nyumba ya uani yenye hita ya kuogea ya wati 5,500, birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,000, na friji pamoja na taa wati 300. Jumla ni wati 8,800. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 38. Breka inayoulinda waya huo kwenye DB kubwa itakuwa ya ampea 40.

Waya wa shaba wa 6 mm (yaani milimita za mraba, eneo la shaba ukiukata, si unene wake) uliobanwa juu ya ukuta hubeba takriban ampea 46. Uingize kwenye bomba ndani ya ukuta, joto linakosa pa kwenda, na uwezo unashuka hadi 38 hivi. Breka ya 40 haiulindi tena: waya utachemka na breka itakaa kimya. Wa 10 mm ndani ya bomba hubeba kama 52, kwa hiyo kwa ampea peke yake unatosha.

Sasa umbali, ambao mafundi wengi huuruka. Kila ampea ikisafiri mita moja hupoteza milivolti 7.3 kwenye waya wa 6 mm, 4.4 kwenye wa 10 na 2.8 kwenye wa 16. Kwa ampea 38 na mita 40, wa 6 unapoteza volti 11.1, wa 10 volti 6.7, wa 16 volti 4.3. Kikomo cha kawaida kwa taa ni asilimia 3, yaani volti 6.9, na hiyo huhesabiwa hadi kwenye balbu ya mwisho. Wa 10 umeshakula karibu yote kabla hata hujatoka kwenye DB ndogo. Kwa mita 40, nunua wa 16. Ni ghali zaidi, lakini mtaro unachimbwa mara moja.

Kabla ya kulipa, menya ncha ya waya. Wa 10 mm una nyuzi saba, kila uzi unene wa milimita 1.35, wa 16 una nyuzi saba za milimita 1.70. Kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Haibebi mzigo wa shaba halisi, na hulegea kwenye skrubu. Urudishe.

Ndani ya DB ndogo, nyutro (waya unaorudisha umeme) na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kila moja ikae kwenye baa yake. Zikiunganishwa pale, umeme unaorudi hupita pia kwenye ethi, na siku nyutro ikikatika, bodi za vyuma za friji na hita zinashika umeme. Vuta ethi yake kutoka DB kubwa. Ukiifanya unene uleule wa laivu, waya unaoleta umeme, hutakosea.

Breka ikikatika kila mara, usiweke ya 63 ili inyamaze. Zima umeme, angalia skrubu: iliyolegea huacha plastiki ya kahawia kuizunguka na harufu ya kuungua. Kata ncha iliyoungua, menya upya, kaza. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania.