Kipeo 23 kilichonitia aibu

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia. Anapima kripu, yaani metali kurefuka polepole ikiwa na mzigo kwenye joto kali, na aloi yake ni nikeli iliyoimarishwa kwa chembe za oksaidi. Amepata kipeo cha mkazo 19, yaani kasi ya kurefuka inafuata mkazo (mzigo kwa eneo) uliopandishwa kwa kipeo cha 19; msimamizi wake anasema data ni mbovu. Ndugu yangu, hayo maneno na mimi niliambiwa.

Mimi nilipata 23. Metali safi hutoa karibu 5, basi mbele ya kikao kizima nikaulizwa kama najua kusoma kipimo. Sijasahau mpaka leo. Nilirudia yote kwa nyuzi 900 za Selsiasi. Sampuli moja niliilinda siku 11: mstari umelala, umelala tu, halafu saa tisa usiku, pa! Imekatika, na shingo yake haikuwa imesinyaa hata kidogo. Nikapiga hesabu upya: 23 ileile.

Hapo nikaacha kujitetea, nikaanza kufikiri. Katika aloi hizi dislokesheni, yaani kasoro ya mstari ndani ya fuwele ambayo ikisogea metali hurefuka, ikikuta chembe huikwea, na ikishavuka hunaswa tena kwa nyuma. Mkazo usipotosha, haibanduki. Mkazo huo wa kuibandua ndio kizingiti: chini yake kasi ni ndogo mno, ukikivuka kidogo tu inapaa. Kipeo kikubwa kinatoka hapo. Nikachora mzizi wa kasi dhidi ya mkazo: wa 3, wa 5, wa 8. Wa 5 ndio ulionyoosha pointi. Nikaurefusha mstari hadi kasi sifuri, nikasoma mkazo wa kizingiti. Data yangu ilikuwa safi tangu siku ya kwanza!

Kwa hiyo msikubali kufuta namba kwa sababu mkubwa amekunja uso. Lakini kwanza jisafisheni. Thamokapo, yaani waya za kupimia joto, ifungwe kwenye sampuli yenyewe, si ukutani mwa tanuru; nyuzi 10 za kosa zinaweza kuipotosha kasi kwa robo au zaidi. Na msiharakishe. Mizigo midogo inachosha, najua, ila kizingiti kinaonekana huko huko chini. Anayepima mizigo mikubwa peke yake hakioni, kisha anailaumu aloi. Vumilieni, narudia, vumilieni.

Wewe wa 19, nitumie jedwali lako la mkazo na kasi, pamoja na joto la kila sampuli. Tutachora wote.