Madodoso 400 Yanatosha, Ukijua Umempa Nani

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili ameniandikia akiuliza iwapo madodoso 400, yaani karatasi za maswali ya utafiti, yanatosha, kwa kuwa msimamizi wake anataka maelfu. Swali hilo niliwahi kuulizwa mbele ya jopo, tena kwa dharau ambayo hadi leo inanichoma, ingawa utafiti wangu ulipita.

Nililijibu jopo kwa kisa cha Marekani cha mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Kinyume chake, sampuli nasibu ya watu 1,000, yaani ambayo kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, huwa na kiwango cha makosa cha takribani asilimia 3 juu au chini, iwe inawasemea watu laki moja au milioni mia moja. Hapo ndipo ilipo nguvu ya dodoso, na nililisema hilo bila kutetereka.

Maswali nayo yachunge. Nilikabidhiwa dodoso la zamani nilitumie kama lilivyo, nikasisitiza lijaribiwe kwanza. Mhojiwa mmoja alipofika kwenye "Je, unaridhika na mafunzo na vifaa vya kazi?", kalamu yake ilisita kati ya visanduku viwili, kisha akaandika pembeni: "Mafunzo ndiyo, vifaa hapana." Tukaligawa swali. Ninajivunia ule ukaidi wangu, nanyi msikubali kuharakishwa: jaribuni dodoso kabla ya kulisambaza.

Hata likiwa safi, dodoso hupokea yale ambayo watu wako tayari kuyasema. Ukiuliza kuhusu ulevi au rushwa, wengi watajipamba. Ukiuliza mara moja tu, utaona mambo mawili yakiandamana bila kujua lipi limesababisha lipi, na ni kosa kuandika "imesababisha" katika ripoti ya namna hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, 400 waliochaguliwa kwa nasibu watakupa kiwango cha makosa cha karibu asilimia 5, nacho kinatosha kwa tasnifu nyingi, isipokuwa ukitaka kulinganisha makundi madogo ndani yake. Muda ambao ungekusanya maelfu, utumie kuwarudia wasiojibu, kisha uwafanyie wachache usaili wa ana kwa ana juu ya sababu za majibu yao.