Mto wa mita 90, korongo la kilomita 29: nani kachimba kwingine?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, juzi tulikuwa tunaangalia video ya Grand Canyon kule Arizona, Marekani, akaniuliza hivi mto mdogo vile umewezaje kuchimba shimo lote lile, tena jangwani kwenyewe mvua hakuna. Nikakosa jibu. Mi nilidhani labda ardhi ilipasuka tu kama Bonde la Ufa. Naomba unisaidie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mdogo wako kauliza la maana sana. Tuanze na hilo la ufa, hapana. Kwenye Bonde letu la Ufa ardhi ilivutwa ikakatika na kipande cha katikati kikazama, lakini kule ukishuka mpaka mtoni hukuti lile tabaka la juu likiwa limedidimia, unakuta mawe mengine kabisa, mazee zaidi. Maana yake ya juu yaliondolewa, yakabebwa na maji.

Halafu kuna kitu kinawachanganya wengi, umri wa mawe na umri wa shimo ni vitu viwili tofauti. Mawe meusi ya chini kabisa yana miaka zaidi ya bilioni 1.7, na yale ya chokaa pale juu ukingoni, ambayo zamani yalikuwa tope la chini ya bahari, yana kama milioni 270. Shimo lenyewe ni la juzi, sehemu kubwa mto Colorado umelikata ndani ya miaka milioni 5 au 6 tu, ingawa wanajiolojia bado wanabishana kuhusu vipande ambavyo vilianza kukatika zamani zaidi. Na hiyo bahari ilifikaje juu? Nchi yote ile ilinyanyuliwa taratibu kutoka chini ikawa uwanda wa juu, kisha mto ukapata njia ya kushukia mpaka Ghuba ya California, na maji yakipata mteremko mkali yanakuwa na nguvu ya ajabu. Maji yenyewe wala sio ya jangwani, yanatoka mbali, theluji ya milima ya Rocky.

Ila maji matupu hayakati mwamba, kinachokata ni mchanga na mawe yaliyomo ndani. Mi nimekulia Kondoa, mvua ikishapiga korongo la nyuma ya kwetu lilikuwa linashuka na maji mazito rangi ya chai ya maziwa, ukisimama pembeni ukatulia unasikia mawe yanagongana huko chini, ko, ko, ko, na unayasikia mpaka kwenye nyayo. Sisi kule lilikuwa linakula udongo kwahiyo kila mwaka tunaona tofauti, Colorado anasugua jiwe, ni kama fundi na msasa. Piga hesabu na mdogo wako: kina ni kama mita 1,600, gawanya kwa miaka milioni 5 na ushee, unapata kama milimita 0.3 kwa mwaka, yani karatasi tatu za daftari. Mtu anaishi miaka 80 anazikwa mto umeshuka sentimita mbili na kidogo.

Sasa upana. Mto kwa wastani una mita 90, korongo pengine linafika kilomita 29! Mto umechimba kina tu, kuta zimebomolewa na wengine. Maji yanaingia kwenye nyufa za mawe, usiku wa baridi yanaganda na kutanuka, ushawahi kusahau chupa ya maji friza ikapasuka, basi ndo hivyohivyo jabali linameguka. Tabaka laini likiliwa, gumu la juu yake linabaki linaning'inia mwisho linaporomoka, ndo maana kuta zina umbo la ngazi, genge halafu mteremko halafu genge tena. Upande wa kaskazini ukingo uko juu zaidi kwa kama mita 300 na matabaka yamelalia kusini, kwahiyo mvua ya kaskazini inatiririkia ndani ya korongo wakati ya kusini inakimbilia nje, matokeo yake kaskazini kumeliwa zaidi na mto unauona uko karibu na ukingo wa kusini.

Na huo ukame alioushangaa mdogo wako ndo umelinda sura ya korongo. Pangekuwa na mvua kama za Morogoro, udongo na miti vingefunika zile kuta, zingelainika zikawa vilima tu vya kijani.

SWALI: Je, bado linaendelea kuchimbika? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kuta bado zinameguka, ila mto umepungukiwa. Mwaka 1963 bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji kule juu, na tope karibu lote linatuama humo. Jina Colorado ni la Kihispania, maana yake wenye rangi nyekundu, lakini leo maji yanayotoka bwawani ni ya baridi na mara nyingi yana rangi ya kijani. Mafungu ya mchanga kandokando yakawa yanaliwa bila kujazwa mengine, inauma kwa kweli, ndo maana kuanzia 1996 kuna nyakati wanafungulia maji mengi makusudi, mafuriko ya kutengeneza, ili mchanga uliolala chini unyanyuke urudi kingoni.