Boa anang'ata, ila si kwa uchokozi

Dada wa Pongwe, umeuliza kama nyoka aina ya boa anayefugwa na kaka yako huko Marekani anaweza kumng'ata mtoto. Anaweza, ingawa boa aliyezoeshwa mikono ya watu kwa kawaida ni mpole. Wengi hung'atwa kwa sababu mkono unanuka panya au kuku, naye akadhani ni chakula. Au wamemshika akiwa karibu kujivua gamba: macho yanakuwa meupe kama yametiwa maziwa, haoni vizuri, kila kitu kinamshtua. Akikunja shingo kama herufi S na kufoka, mwacheni. Hana sumu, lakini meno yamepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo ukivuta mkono kwa nguvu unachanika vibaya zaidi. Na mtoto asiachwe naye peke yake hata dakika moja.

Anayenitia hofu hasa ni huyo chatu mdogo mliyemwokota kwenye mkonge. Chatu wetu si boa! Boa huzaa, chatu hutaga, na huyu wa porini ni mkali tangu mdogo, halafu huweza kukua kupita mita 4. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria. Waiteni watu wa wanyamapori wamchukue, tafadhali msimuue.