Kabla ya kava za siti, nyanyueni kapeti

Swali lenu la wiki hii, "Ukiwa na laki tatu na gari la zamani, utaboresha nini ndani kwanza?", limenigusa pabaya maana najua watu watajibu nini: kava za siti, skrini ya Android, taa za bluu miguuni, stelingi ivalishwe leza. Mi naona mngeuliza hiyo hela inaenda kufunika nini. Haya magari yetu, Corolla 110, Carina, Starlet, yalitoka Japani yameshatumika, hapa yamepita mikono sijui mingapi, na kila mwenye gari kaongeza kava juu ya kava.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alinunua Corolla 110 kwa mtu Tabata. Bodi imenyooka, injini haina kelele, ila ukifunga vioo inanuka kama nguo zilizofungiwa kabatini mbichi. Akatundika pafyumu, zikawa harufu mbili. Ndo akaamua dawa ni kushona siti zote na kutandika kapeti la plastiki juu ya lile la zamani, akaniomba nimsindikize Ilala kwa fundi siti kwa sababu kwenye bei yeye ni mpole mno.

Fundi akang'oa siti za mbele, akachukua mkasi aanze kukata kapeti jipya. Nikamwambia hebu nyanyua hilo la chini kwanza. Akamgeukia shemeji, "Boss, tunanyanyua?" Yaani kama vile mi sijaongea. Shemeji akamjibu, "Fanya anavyosema shemeji, mi nalipa tu."

Sasa kapeti la Corolla limefinyangwa kufuata sakafu, na chini yake kuna felti nene ya kuzuia kelele. Upande wa abiria ile felti ilikuwa imelowa chapachapa, ukiikamua inatoa maji ya rangi ya chai, na bati karibu na reli ya siti limeshaanza kutu. Tukakuta pia karanga zenye ukungu, kalamu, na sarafu ya yeni 100, shemeji kuiona akasahau maji kabisa, anauliza ukienda kuchenji Kariakoo unapewa ngapi, fundi anamwambia sarafu hawachenji boss, basi wakabishana hapo mpaka nikachoka.

Fundi akasema ni mvua, nunueni mpira wa mlango. Mpira ulikuwa mzima! Ilikuwa AC. AC ikifanya kazi, unyevu wa hewani unageuka maji kwenye evaporeta, kile kifaa kinachopoza hewa, pale nyuma ya dashibodi upande wa abiria, halafu yanashuka kwa kapaipu kadogo mpaka nje, ndo yale matone unayaona chini ya gari lililosimama AC ikiwa inawaka. Kapaipu kakiziba vumbi na takataka, maji yanarudi ndani. Kijana wa pale akalala chini, akachokonoa taratibu na waya laini, likatoka tope kwanza, kisha maji yote yakamwishia kifuani. Harufu yote ilikuwa hiyo, na malipo yake yalikuwa soda baridi.

Kazi ilikuja kwenye kukausha. Fundi alitaka kuitupa felti, "haina kazi hiyo," nikagoma, maana bila hiyo kelele zote za barabara na joto la chini vinakuja kwenye miguu yako. Tukaianika juu ya bati la banda, mawingu yakaja tukaanua, jua likarudi tukaanika tena, wapita njia wanauliza hilo godoro bei gani. Gari likalala palepale bila siti, shemeji akarudi nyumbani na daladala amenuna, hanisemeshi.

Redio sitaki kuwabishia sana, maana zilizokuja na haya magari ya zamani ya Japani zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90 na stesheni zetu zinaenda 88 mpaka 108, kwa hiyo kubadilisha si ubishoo. Pimeni tu kwanza, tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio nyingi za dukani ni kama 178, bila vipande vya kuziba pembeni italegea na kutikisika. Na ukiona maandishi SRS AIRBAG ubavuni mwa siti, yaani humo kuna mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea, kava ya kubana usiweke, wala fundi asiguse waya za njano chini ya siti kama hajui anachofanya.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msinunue kitu, osheni tu. Ila kusema kweli hela ya shemeji ilibaki karibu yote, akashona siti ya dereva, sponji jipya pale palipobonyea upande wa mlangoni, kitambaa cha kawaida kwa sababu leza feki kwa jua la Dar unakaa unaruka. Niliendesha hilo gari mpaka Bagamoyo na mgongo haukuniuma. Basi jibu langu ni siti, tena ya dereva peke yake, abiria avumilie. Kama AC yako ilishakufa, hayo ya kapaipu hayakuhusu, kagua mipira ya milango. Na kama unaliuza mwezi ujao, weka kava za Kariakoo yaishe, wanunuzi wengi hawaangalii zaidi ya hapo.