Nilibonyeza "Ruhusu", sasa mama mkwe anajua nadaiwa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nauza vitenge Mbagala, mwezi uliopita nilikwama ada ya mtoto nikaona tangazo la mkopo wa simu, nikabonyeza linki app ikashuka, ikaanza ruhusu majina, ruhusu picha, ruhusu meseji, mi naruhusu tu maana akili yote iko kwenye hela. Nikakopa laki ikaingia elfu sabini, eti nyingine makato. Nimechelewa siku tatu tu wakawatumia meseji watu wote niliowasevu, mpaka mama mkwe, mpaka fundi bomba, kwamba mi tapeli waniambie nilipe. Nikiwapigia wanasema si ulikubali mwenyewe? Ni kweli nimejimaliza?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba. Pole sana, na fundi bomba naye pole yake, mkopo hajala hata mia.

Hujajimaliza bwana. Hiyo "si ulikubali" ndo fimbo yao kila siku, sasa tuulizane, ulikubali nini? Ulikubali kukopeshwa, hukukubali kutangazwa. Na namba ya mama mkwe ni ya mama mkwe, we umeisevu tu, huwezi kumkubalia mtu mzima kitu ambacho hata hajaulizwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa zako aseme za kazi gani na azitumie kwa kazi hiyohiyo. Kukudhalilisha kwa ukoo mzima sijui wataiita kazi gani. Wenzetu Kenya Septemba 2023 kamishna wa data aliipiga kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa mchezo huuhuu wa kuchukua namba za watu na kuwatishia.

Kitu kingine, umesema ulibonyeza linki. Google tangu Mei 2023 wamekataza app za mikopo zilizoko Play Store kugusa majina na picha za mteja, kwa hiyo app inayong'ang'ania majina mara nyingi imepita mlango wa uani. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya app 69 zinazokopesha bila leseni, kaicheki kama ya kwako imo.

Usiifute kwanza! Watu wengi hapa ndo wanaharibu, hasira zinapanda wanafuta kila kitu halafu ushahidi hawana. Piga skrinshoti za meseji zote, waombe na waliotumiwa wakurushie za kwao, tunza na muamala unaoonyesha iliingia elfu sabini. Hapo ndo uende kwenye setingi uzime ruhusa zote, kisha app itoke, japo majina walishayabeba hayarudi kwa kufuta. Halafu peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lenyewe bado ni deni, ila lipa kwa njia inayoacha risiti, usimtumie mtu anayekupigia kwa namba yake binafsi.

Mama mkwe mpigie leoleo wewe mwenyewe kabla ya meseji ya pili, umweleze ilivyokuwa, na umwambie naye anaweza kulalamika Tume kwa jina lake maana namba iliyochukuliwa ni yake.