Vyakula vya Vietnam: ule nini, wapi, saa ngapi, na kipi kinapikika jikoni kwako

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: ukifika Vietnam ule nini mtaani, na ukiwa nyumbani kipi unaweza kukipika kikatoka sawa. Yote yanajibika, ila kwanza achana na mgahawa wenye menyu ya kurasa kumi na picha za kila kitu. Kibanda cha maana kule kinauza chakula kimoja, au viwili vya ukoo mmoja, na jina lake ndilo limeandikwa kwenye kibao. Na kila chakula kina saa yake. Phở ni kifungua kinywa, na vibanda vingi vya Hanoi huwa vimejaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Bún chả, yaani nguruwe wa kuchoma na tambi, ni cha mchana. Ukiifuata bún chả saa mbili usiku utaipata, lakini mara nyingi nyama itakuwa imechomwa tangu mchana.

Nianze na phở, maana ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ni supu ya tambi bapa za mchele iliyotokea kaskazini, Hanoi na Nam Định, mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi yote iko kwenye supu. Kwa lita 4 za maji chukua kilo 2 za mifupa ya ng'ombe, nusu yenye uboho na nusu ya magoti au mkia, pamoja na nusu kilo ya kidari. Chemsha mifupa peke yake kwa moto mkali dakika 10, mwaga maji yote, osha mfupa mmoja mmoja na sufuria pia, kisha anza upya na maji safi ya baridi. Wengi wanaruka hatua hii wakidhani wanamwaga utamu. Kinachomwagika ni damu na uchafu unaoganda. Ukibaki, supu inakuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo na harufu nzito. Phở iliyopikwa vizuri ni angavu, unaona tambi zilivyolala chini ya bakuli.

Wakati maji yanapata moto, weka vitunguu maji 2 na tangawizi ya gramu 100 juu ya mkaa moja kwa moja, bila kumenya, hadi ganda liwe jeusi kabisa na ndani palainike. Sugua weusi uondoke, suuza, tumbukiza. Utamu wa moshi unaousikia kwenye phở unatoka hapo. Moto uwe mdogo: vipovu vichache vinavyopanda polepole, basi. Ukiacha ichemke kwa fujo, mafuta yanavurugika ndani ya maji na supu inakuwa nyeupe kama maziwa, na hapo hakuna dawa. Usifunike sufuria hadi mwisho, engua povu, toa kidari baada ya saa moja na nusu, mifupa iendelee hadi saa 6.

Viungo ni hivi: anisi nyota 5, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, karafuu 4, vijiko 2 vya chai vya mbegu za giligilani, na punje moja ya ile iliki nyeusi kubwa yenye harufu ya moshi. Usipoipata, iache. Iliki yetu ya kijani haishiki nafasi yake, itakupeleka kwenye chai. Kaanga viungo bila mafuta hadi vinukie, vifunge kwenye kitambaa, viingie saa moja ya mwisho tu. Vikikaa saa 6 supu inakuwa chungu na inanuka dawa ya kikohozi. Hapa ndipo mkono wa mpishi wa pilau unapokosea. Tumezoea viungo vitangulie mbele ya nyama, lakini kwenye phở nyama ndiyo inayosema na viungo vinaitikia kwa mbali. Bizari nyembamba haiingii kabisa. Mwishoni weka vijiko 4 vya chakula vya mchuzi wa samaki na vijiko 2 vya sukari, onja, kisha rekebisha kwa chumvi. Supu peke yake iwe na chumvi iliyozidi kidogo, kwa sababu tambi hazina ladha na zitaipunguza.

Tambi kavu usizichemshe kama spageti, zitakuwa uji. Ziloweke kwenye maji ya kawaida dakika 30, halafu uzichovye kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 15 au 20 unapotaka kupakua. Nyama mbichi igandishe nusu saa ikatike nyembamba kama karatasi, ipange juu ya tambi, mwagia supu inayochemka. Ikiiva palepale bakulini, hiyo ndiyo tái. Kaskazini wanaweka vitunguu majani na siki ya kitunguu saumu tu. Saigon, yaani Jiji la Ho Chi Minh huko kusini, watakuletea sahani ya rehani, choroko zilizochipua, ndimu na pilipili. Onja kwanza kabla hujakamulia chochote.

Sasa mchuzi wa samaki, nước mắm, kwa sababu bila huo hakuna kitakachofanana. Ni samaki wadogo na chumvi, kwa kawaida sehemu 3 kwa 1, vilivyokaa kwenye mapipa kama mwaka mzima. Samaki wenyewe wanaitwa cá cơm, yaani “samaki wali”, nao ni jamaa wa dagaa mchele wa pwani yetu. Watu wa pande mbili za bahari wamewaita jina moja bila kuulizana. Unaponunua, geuza chupa: viambato viwe samaki na chumvi, labda sukari kidogo. Namba kama 40°N ni kipimo cha naitrojeni itokayo kwenye protini. Ikiwa kubwa, mchuzi ni mzito na mtamu zaidi. Maarufu ni wa kisiwa cha Phú Quốc na wa Phan Thiết.

Kutokana na huo unatengeneza nước chấm, mchuzi mwepesi wa kuchovea ambao uko karibu kila meza. Vijiko 2 vya sukari kwenye vijiko 8 vya maji ya vuguvugu, koroga iyeyuke, vijiko 2 vya ndimu, vijiko 2 vya mchuzi wa samaki. Kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwa vidogo viingie mwisho, vielee juu. Ukivitanguliza vinazama na kupoteza sura.

Bún chả ndiyo chakula alichokula Obama na Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa televisheni, pale Hanoi Mei 2016: vinofu na vidonge vya nguruwe vya kuchoma, ndani ya bakuli la nước chấm yenye vuguvugu na vipande vya papai bichi, na tambi nyembamba pembeni. Nyama lazima ichomwe kwa mkaa. Anayekaangia kwenye jiko la gesi, mpite.

Ila kama una chuma cha vitumbua nyumbani, chakula chako ni bánh khọt. Ni chakula cha kusini, sifa yake iko Vũng Tàu, na kwa macho utasema ni kitumbua chenye kamba juu. Tofauti ni kubwa: hakina hamira, hakina sukari, na hakigeuzwi. Changanya gramu 200 za unga wa mchele, vijiko 2 vya chakula vya unga wa mahindi mweupe laini wa kuzitishia mchuzi, nusu kijiko cha chai cha manjano, chumvi, mililita 100 za tui zito na mililita 300 za maji. Uji uwe mwepesi kama maziwa, mwepesi kuliko moyo wako unavyotaka. Acha ulale nusu saa. Pasha chuma hadi tone la maji liruke, weka kijiko cha chai cha mafuta kila shimo, koroga uji kila unapochota kwa sababu unga unazama, jaza robo tatu. Ukisikia “shaa!” uko sawa, ukimya maana yake chuma hakijapata moto na vyote vitanasa. Kamba mmoja mdogo juu, funika dakika 2, kisha funua dakika 2 hadi ukingo uwe wa kahawia na uachie wenyewe. Chini kikauke kikwaruze, juu kibaki laini kama tui lililoganda. Kikitoka kigumu katikati, uji ulikuwa mzito. Unakifunga kwenye jani la saladi na mnanaa, unachovya, unakula kwa mkono.

Bánh mì ni mkate wa Mfaransa uliogeuka Mvietnam: ganda jembamba linalovunjika, ndani mwepesi mno. Mkate mzito unaharibu kila kitu. Kinachoubeba ni achari ya karoti na figili nyeupe. Kata gramu 250 za kila kimoja njiti nyembamba, paka chumvi kijiko cha chai, subiri dakika 15, kamua kwa nguvu, halafu siki mililita 120, maji kiasi hichohicho na sukari vijiko 4 kwa saa moja. Usipokamua, mkate unalowa.

Vingine fuata mji wake. Hue kuna bún bò Huế, supu kali ya mchaichai na uduvi uliochachushwa. Hoi An kuna cao lầu, tambi ngumu zinazotengenezwa kwa maji ya majivu. Hanoi kuna chả cá, samaki wa manjano anayekaangwa mezani pako na majani mabichi ya shibiti (dill), mengi kama mchicha. Saigon kuna cơm tấm, wali wa chenga na nyama ya kuchoma, na asubuhi unashiba hadi jioni.

Kwa Waislamu: nguruwe yuko pale usipomtarajia. “Bò” ni ng'ombe, lakini bún bò Huế kwa kawaida ina miguu ya nguruwe. Pâté, ile nyama laini inayopakwa ndani ya bánh mì, ni maini ya nguruwe, na mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yake pia. Kusini sema “không thịt heo”, kaskazini “không thịt lợn”. Neno la kuokoa ni “chay”, chakula kisicho na nyama. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo Wabuddha wengi hula hivyo na vibanda vinaongezeka. Saigon, msikiti wa barabara ya Đông Du uliojengwa 1935 umezungukwa na migahawa ya halali. Na ukifika mji wa Châu Đốc, kwa watu wa kabila la Wacham walio Waislamu, tafuta tung lò mò, soseji ya ng'ombe iliyochachushwa na wali, yenye uchachu mwembamba, inachomwa kwa mkaa.

Malizia na cà phê trứng, kahawa ya yai ya Hanoi, iliyobuniwa 1946 maziwa yalipokuwa adimu. Viini 2 vya yai na vijiko 2 vya maziwa mazito ya kopo, vipigwe hadi vishike kama krimu, vimwagwe juu ya kahawa kali. Kikombe huletwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Kiache humo hadi umalize, maana yai likipoa linaanza kunuka.